Manowari Iligeuka, Sisi Tukaachwa Gatini

Dakika za mwisho za filamu ya Master and Commander: The Far Side of the World zinakwenda hivi. Mapigano yamekwisha. Acheron, meli ya Wafaransa, imetekwa, na Luteni Pullings amekabidhiwa aipeleke Valparaíso pamoja na mateka. Nahodha Jack Aubrey na rafiki yake, Daktari Stephen Maturin, wamebaki kwenye meli yao, Surprise, mmoja na fidla, mwingine na cello. Katika kupiga soga, Maturin anataja kwamba tabibu wa meli ya adui alikwishafariki miezi kadhaa nyuma. Aubrey anaganda. Maana yeye mwenyewe amezungumza na huyo “tabibu”, na ndiye aliyempa upanga wa nahodha aliyeambiwa ni marehemu. Kumbe nahodha hajafa. Amejivika utabibu, na yuko ndani ya meli ile ile anayoiongoza kijana wa watu, Pullings, asiyejua lolote. Amri zinatoka, ngoma inapigwa, mabaharia wanakimbilia mizinga, omo inageuzwa. Kisha marafiki wawili wanarudi kwenye muziki wao, wanapiga kipande cha Boccherini, na majina ya waigizaji yanaanza kupanda.

Hiyo ilikuwa Novemba 2003. Walimfikia? Hawakumfikia? Hatujaambiwa mpaka leo.

Sisi tuliolelewa na kibanda umiza tunaijua kanuni: stelingi hafi. Russell Crowe, anayeigiza Aubrey, aliivunja mwaka 2000 kwenye Gladiator, akafa katikati ya uwanja huku watu wazima wakijifanya wameingiwa na vumbi machoni. Na bado Novemba 2024 Gladiator ikapata sehemu ya pili, bila yeye. Filamu ambayo stelingi wake amekwishazikwa imepata mwendelezo. Ile ambayo stelingi wake yuko juu ya sitaha, mzima wa afya, anamkimbiza adui, imenyimwa. Mwenye kuelewa hesabu hizi anieleweshe.

Hesabu zenyewe za pesa, kusema kweli, hazifichiki. Filamu iligharimu karibu dola milioni 150, ikaingiza kama milioni 212 duniani kote. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni faida. Kwa studio siyo, kwa sababu majumba ya sinema hubaki na karibu nusu ya kila tiketi, na matangazo hayamo kwenye ile milioni 150. Na mwaka huo huo, mwezi Julai, Pirates of the Caribbean ya kwanza ilikuwa imekwisha kuvuna zaidi ya milioni 650 kwa mifupa inayotembea na nahodha mlevi. Bahari moja, mwaka mmoja, na watazamaji walikwishachagua wanataka bahari ya aina gani. Usiku wa Oscar haukusaidia sana pia. Filamu ya Aubrey iliteuliwa katika vipengele 10, ikaondoka na viwili, upigaji picha wa Russell Boyd na uhariri wa sauti wa Richard King. Karibu kila kingine kilichukuliwa na The Lord of the Rings: The Return of the King, iliyoshinda vyote 11 ilivyoteuliwa. Kuna watu huzaliwa mwaka mbaya.

Tena Hollywood ina hofu yake ya siku nyingi na maji. Cutthroat Island ya 1995 ilitumia karibu dola milioni 100, ikarudisha kama 10, na kampuni iliyoitengeneza ikafilisika. Ukitaja meli ya matanga mbele ya wahasibu wa studio, hicho ndicho wanachokikumbuka.

Mimi niliiona kwa mara ya kwanza ikiwa imewekwa mahali siko. Wanaokumbuka zile DVD za filamu nyingi ndani ya sahani moja watanielewa. Kwenye jalada kulikuwa na fuvu la kichwa na mapanga mawili, na ndani wamemkusanya kila mtu aliyewahi kupanda meli. Aubrey akatiwa kapu moja na maharamia. Mtafsiri wetu alikuwa hodari, sauti yake ingeweza kuuza hata filamu ya kuku wanakula mtama, lakini filamu hii ilimshinda. Ina dakika nyingi ambazo hakuna anayesema neno. Watu wanakaza kamba. Wanatazama ukungu. Wanasikiliza. Yeye akawa anajaza nafasi kwa kusalimia maduka ya mtaani na kutangaza picha ya kesho. Baada ya pigano la mwanzo, wakati Surprise inakokotwa kwa mashua kuingia ukunguni, vijana wa nyuma wakaanza kudai hela zao. Nikabaki mpaka mwisho, na sikuelewa hata nusu, ila nilitoka nimejua nimeona kitu ambacho hakikufanana na vingine kwenye sahani ile.

Nilipokuja kuiona tena nikiwa mtu mzima, kwa sauti yake yenyewe, ndipo nikajua ni nini. Ni filamu ya kazi. Vita vipo, lakini ni viwili tu vikubwa, mwanzo na mwisho. Katikati ni watu wapatao mia mbili waliobanwa ndani ya mbao, kila mmoja na shughuli yake: huyu anashona tanga, yule anaziba tundu, mwingine anapika, na mtoto wa kabaila aliyekatwa mkono anajifunza kuandika kwa ule uliobaki. Mwongozaji, Peter Weir wa Australia, hakueleza mambo kwa maneno. Alikuachia uone kamba fulani inavutwa, kisha baadaye ujue kwa nini ilivutwa.

Kuna tukio moja ninalolirudia mara nyingi kuliko yote. Surprise inazunguka Cape Horn kwenye tufani. Kijana anayeitwa Warley amepanda juu ya mlingoti wa galme kupunguza tanga, na mlingoti unakatika, unaanguka baharini pamoja naye. Anaibuka, anaogelea kuufuata ule mti. Tatizo ni kwamba mti bado umefungwa kwenye meli kwa kamba zake zote, na sasa umekuwa kama nanga inayoburutwa. Unaivuta meli upande, na mawimbi yataigeuza. Anayetakiwa kuokolewa yuko kwenye kitu kile kile kinachoizamisha meli. Mmoja wa wanaoshika shoka ni Nagle, rafiki wa damu wa Warley. Kamera haimkimbilii usoni kumtafuta machozi. Inaonyesha shoka linashuka, nyuzi za kamba zinafunguka moja moja, kamba inaruka kama nyoka, halafu nyingine, halafu ya mwisho. Kisha kichwa cha mtu kinakuwa kidogo nyuma ya tezi, kidogo zaidi, hakionekani.

Nilimwekea mjomba wangu filamu hii kwenye runinga ya sebuleni. Mjomba alifanya kazi ya jahazi ujana wake wote, Tanga kwenda Pemba, na kwingine asikokutaja sana. Sehemu ya fidla alisinzia waziwazi. Alipoamka walikuwa Cape Horn, akajivuta mbele ya kiti. Shoka zilipoanza akasema, “Wamechelewa.”

“Mjomba, kuna mtu pale majini.”

“Nimemwona.”

Akaniambia nirudishe nyuma. Nilidhani anataka kumtazama yule kijana. Kumbe alitaka kuona kamba zilivyofungwa ubavuni, na kama huyo mwenye shoka alisimama upande salama. Akaridhika. Halafu akauliza wanakula nini watu hawa muda wote huo, nikamsubirisha mpaka kwenye lile tukio la mezani la fukusi wa biskuti, akacheka mpaka akakohoa. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo studio ilipokosea kuuza. Waliiuza kwa vijana wanaotaka panga, wakati watu wake ni wale waliowahi kushika kitu kizito pamoja na wenzao, mvuani, bosi akipiga kelele.

Na bahari yenyewe si ya kuchora tu kwenye kompyuta. Baadhi ya yale mawimbi ya Cape Horn ni ya kweli: mpiga picha aliwekwa ndani ya nakala ya Endeavour, ile meli ya Kapteni Cook, ilipokuwa inapita huko. Surprise ya filamu ni meli halisi iliyojengwa Nova Scotia mwaka 1970 kwa jina la Rose. Studio ikainunua na kuisafirisha kutoka pwani ya mashariki ya Marekani, ikapita mfereji wa Panama, mpaka California. Sasa iko kwenye jumba la makumbusho ya bahari San Diego. Nakala nyingine ikajengwa Mexico, ndani ya bwawa kubwa lililochimbwa kwa ajili ya Titanic. Na Ecuador ikawaruhusu kupiga picha Galápagos, jambo ambalo hakuna filamu ya hadithi iliyokuwa imewahi kulipata kabla yao.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni upepo. Richard King alitaka mlio wa upepo unaopita kwenye kamba za meli, na mlio huo hauigizwi. Basi akatengeneza fremu ya mbao, akaisokota kwa kamba nyingi, akaipandisha nyuma ya gari la mizigo na kulikimbiza kwenye jangwa la Mojave dhidi ya upepo. Tazama tena lile tukio la Warley kwa spika nzuri au kwa vifaa vya masikioni. Unachokisikia kinalia juu ya kichwa chako ni jangwa.

Sasa, huo mwendelezo. Haukukosa watetezi. Tom Rothman, aliyekuwa mkuu wa Fox, ndiye aliyeisukuma filamu ya kwanza kwa kuvipenda vitabu vya Patrick O’Brian, ambamo hadithi ya Aubrey na Maturin imetoka. Mwaka 2010 Crowe mwenyewe aliwaambia mashabiki kwenye Twitter kwamba wakitaka sehemu ya pili wamwandikie Rothman barua pepe. Wakaandika. Haikutoka kitu. Disney wakaja kuinunua Fox mwaka 2019, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba kutakuwa na filamu mpya, Patrick Ness akiandika. Ila siyo mwendelezo. Ni kurudi nyuma, kwenye kitabu cha kwanza, Aubrey na Maturin wakiwa vijana wanakutana. Tangu hapo mimi sijaona hata picha moja.

Nisieleweke vibaya, kitabu cha kwanza ni kitamu. Kimejengwa juu ya mambo ya kweli ya Thomas Cochrane, aliyekuwa na kimeli kinaitwa Speedy, mizinga 14 midogo na watu 54, akaiteka meli ya Kihispania, Gamo, yenye mizinga 32 na watu 319, tarehe 6 Mei 1801. Ungeandika hivyo kwenye hadithi ya kubuni mhariri angekurudishia. Ile hila ya filamu ya 2003, ya kuweka taa kwenye kijichombo cha bandia usiku ili adui akifuate hicho, nayo ni ya Cochrane. Lakini nikisikia “walivyokuwa vijana” nasikia wahasibu. Nasikia waigizaji wapya wa bei nafuu wenye meno meupe. Wale wawili wa 2003 walikuwa tayari na urafiki wa kugombana, wa kununiana, wa mmoja kukosa ndege wake Galápagos kwa sababu mwenzake hataki adui amponyoke. Urafiki wa namna hiyo ukiuonyesha unapoanza, unaonyesha sehemu yake nyepesi kuliko zote.

Hata kama pesa ni kidogo, zipo njia. Nipeni Pullings. Filamu nzima ndani ya Acheron, safari ya kwenda Valparaíso, mateka wengi chini, walinzi wachache juu, na “tabibu” mpole anayezunguka akiwafunga Waingereza vidonda huku akihesabu funguo. Meli moja, bahari shwari, usiku kadhaa. Gharama yake haitafika hata theluthi.

Ila mimi, kama mtu wa pwani hii, nina ombi langu, na nadhani ni la haki. O’Brian aliandika vitabu 20, akafariki mwanzoni mwa mwaka 2000 akiacha cha 21 hakijaisha. Cha nne, The Mauritius Command, cha 1977, kinatokea Bahari ya Hindi. Bahari yetu. Kusi yetu, kaskazi yetu. Habari yake nyingi ni historia: Waingereza wanataka kuwanyang’anya Wafaransa visiwa ambavyo leo ni Réunion na Mauritius. Julai 1810 wanaichukua Réunion. Agosti wanajivunia, wanaingia kwenye mlango wa Grand Port, huko Mauritius, bila kuyajua vizuri matumbawe yake, na wanapigwa vibaya: manowari nne zinapotea, mbili wakizichoma wenyewe. Ushindi huo wa Wafaransa umechongwa kwenye Arc de Triomphe jijini Paris. Desemba Waingereza wanarudi na jeshi kubwa na kisiwa kinasalimu amri.

Sasa uliza kisiwa kile kilikuwa kinaishi kwa nini. Kwa miwa na mashamba, na mashamba yalilimwa na watumwa, na sehemu ya watumwa hao walitoka Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa anayeitwa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, apewe watu 1,000 kila mwaka, piasta 20 kila kichwa. Kwa hiyo manowari za kwenye kitabu kile zinapigania kisiwa chenye watu wetu ndani yake. Filamu ya 2003 iliweza kukwepa mambo haya kwa kuwa iliwapeleka watu wake upande wa pili wa dunia, kwenye kasa na mijusi. Mauritius hairuhusu kukwepa. Na nyenzo zipo vitabuni, kwa sababu Maturin anauchukia utumwa kwa chuki isiyo na adabu, na rafiki yake, mtu mwema mwenye moyo mkubwa, hana haraka hiyo ya kuchukia. Wawekeni hao wawili gatini Port Louis, mbele ya soko, muone kama fidla italia usiku huo.

Najua nitakavyoulizwa, maana nimekwishaulizwa: wewe mtu wa Uswahilini unaililia manowari ya Mwingereza? Jeshi hilo hilo la majini ndilo lililopiga mizinga kasri la Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896, likaizamisha pia meli ya Sultani, Glasgow, ambayo milingoti yake ilibaki imechomoza bandarini kwa miaka. Sijasahau. Lakini kupenda filamu si kupiga saluti. Babu zetu walijua mlio wa mizinga ile wakiwa ufukweni, na mimi nataka filamu inayofika karibu na ufukwe huo.

Weir hatairudia. Filamu yake ya mwisho ni ya 2010, amestaafu, na mwaka 2022 akapewa Oscar ya heshima. Atahitajika mtu mwingine mwenye subira ile, na atakayemfuata arekebishe jambo moja: mle ndani karibu hakuna mwanamke, ukiacha mmoja anayepita na mwavuli kwenye boti pwani ya Brazil. Vitabuni wapo, wamejaa, na Diana Villiers peke yake anawatosha mabaharia wote kwa ujasiri.

Kuhusu umri wa Crowe, aliyezaliwa 1964, mimi naona ni bahati. Ile ya kwanza haikujali: hadithi ya kitabu ilitokea 1812 na adui Mmarekani, wao wakaigeuza 1805 na adui Mfaransa, na hakuna aliyekufa. Wakiweza hilo, wanaweza kumpa Aubrey miaka yake. Mauritius ni kazi ya mtu mzima. Hapigani na meli yake tu tena, ni komodo, yaani mkuu wa kundi la manowari, ana manahodha chini yake, na nusu ya vita ni kuwatuliza wanaotaka sifa. Mwishoni kabisa, mipango yote imekamilika, askari wako tayari kushuka, mara inaonekana bendera ya Admirali Bertie. Bosi amefika siku ya kukata utepe. Ndivyo ilivyokuwa kweli mwaka 1810: kazi waliifanya wengine, Bertie akaja kuongoza hatua ya mwisho.

Kitabuni Aubrey anaelewa kwa kutazama bendera tu. Anawajua wakubwa. Maturin anamtazama akisubiri alipuke, na halipuki. Hebu mfikirieni Crowe wa leo, kitambi mbele, ndevu za mvi, anayameza matusi yote anayoyajua kwa lugha tatu, anamsindikiza mzee mezani, anamwagiza mtumishi wake, Killick, alete chupa nzuri, siyo ile ya kawaida, na Killick ananung’unika kwa sauti ya kusikika. Kwa tukio hilo moja ningelipa tiketi ya wikendi, viti vya mbele, na mjomba ningemlipia.